Rangi Nyingi na Rangi Mbili

Msomaji, liko swali la zamani ambalo limevaa nguo mpya katika siku zetu. Mtu anapokisimulia kitu kikubwa kwa maneno machache, au anapokionyesha kwa alama chache, je, amesema kweli au amesema uongo? Wazee wetu walilijua swali hili katika habari za masimulizi, za hukumu na za sifa za watu. Sisi tunakutana nalo kila siku katika kioo cha simu, kwa maana kila picha inayopita katika kioo hicho imepunguzwa kwa namna moja au nyingine. Nataka tulitazame pamoja, tukianza na picha, kisha tufuate mahali linapotupeleka. Maana swali hili haliishii katika picha.

Tuanze na mambo yalivyo. Picha ya simu au ya kompyuta ni shamba la nukta ndogo ndogo, zilizopangwa kwa safu kama miche ya chai iliyopandwa kwa kamba. Nukta hizo huitwa pikseli. Kila nukta ina tarakimu zinazoeleza rangi yake, na tarakimu hizo huandikwa kwa biti. Biti ni kitu kidogo kuliko vyote katika hesabu ya mashine: ni jibu la ndiyo au la, sifuri au moja. Nukta ikipewa biti 1, yaweza kuwa nyeusi au nyeupe, na hapana kingine. Ikipewa biti 8, yaweza kuwa na rangi moja kati ya 256. Biti 16 huipa nafasi ya rangi 65,536. Biti 24, yaani 8 za nyekundu, 8 za kijani na 8 za buluu, huipa nafasi ya rangi 16,777,216. Wingi huu wa biti ndio unaoitwa kina cha rangi, na kuihamisha picha kutoka kina kimoja hadi kingine ni kazi ambayo mashine huifanya bila kutuuliza.

Kwa nini picha ipunguzwe? Sababu ya kwanza ni uzito. Picha yenye upana wa nukta 1,000 na urefu wa nukta 1,000 ina nukta milioni moja. Kwa biti 24 kila nukta huchukua baiti 3, na picha nzima huwa baiti 3,000,000. Kwa biti 8 huwa baiti 1,000,000. Kwa biti 1 huwa baiti 125,000 tu. Sababu ya pili ni kioo chenyewe. Simu ndogo ambazo watu wa Kenya walizipa jina la mulika mwizi, nyingi katika zile za mwanzo zilikuwa na kioo cha rangi mbili. Ungeipelekea picha ya bustani nzima, nayo ingekuonyesha weusi na weupe. Chombo hakiwezi kupokea zaidi ya ujazo wake, na kibaba hakipimi pishi.

Sasa simama nami kwa fikira katika vilima vya Nyamira asubuhi, ukungu unapoanza kuinuka. Chai ina kijani chake, mgomba una kijani chake, mahindi machanga yana chao, na mkaratusi unasimama nyuma ukiwa na kijani kilichochanganyika na kijivu. Yapo makumi ya kijani ambayo macho huyatenganisha na ulimi hauna majina yake. Waliotunga ile hesabu ya biti 16 walikuta kwamba biti hizo hazigawanyiki sawasawa kwa rangi tatu, na moja hubaki. Katika mpango unaotumika sana, nyekundu ilipewa 5, buluu 5, na kijani 6, kwa sababu jicho la binadamu hubagua tofauti za kijani vizuri kuliko za rangi nyingine. Hivyo kijani hupata ngazi 64, na wenzake hupata 32 kila mmoja. Uamuzi huo una hekima, lakini tusisahau kwamba ni uamuzi. Kabla hujapiga picha ya shamba lako, mtu usiyemjua ameshaamua ni rangi ipi itatazamwa kwa makini zaidi na ni ipi itavumilia.

Kutokana na haya, mtu mkali wa tabia aweza kusema: basi picha zote zilizopunguzwa ni uongo, na anayezipunguza ni mwongo. Ni vema tumjibu kwa upole, maana neno lake lina harufu ya haki lakini halina mizani.

Mtazame mchongaji wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii. Huchukua bonge la jiwe la sabuni, huanza kulichonga, na vipande huanguka miguuni pake siku nzima. Akimaliza sanamu ya mama aliyempakata mtoto, huenda jiwe alilolitupa likawa jingi kuliko alilolibakiza. Hakuna amwitaye mwongo. Kutupa kwake ndiko kulikotuonyesha mama na mtoto. Isikilize pia obokano, ala ya Abagusii yenye nyuzi 8. Maisha ya mtu yana sauti zisizohesabika, na ala hii ina nyuzi 8 tu, lakini katika nyuzi hizo watu wameimbiwa arusi zao na misiba yao, nao wameyatambua maisha yao ndani yake.

Hata lugha ninayokuandikia ni kisanduku kidogo cha rangi. Katika Kiswahili rangi tatu tu ndizo zinazobadilika kufuata ngeli kama sifa nyingine za asili: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Husema kitambaa cheusi, mawe meupe, ua jekundu. Rangi nyingine nyingi tumezikopa kwa vitu vilivyo karibu nasi: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda la mzambarau. Je, wahenga waliishi katika dunia ya rangi tatu? Sivyo. Waliona kila tulionalo, wakasema kwa maneno waliyokuwa nayo, na pale yalipopungua wakaonyesha kwa kidole jani, jivu au tunda. Na jicho lenyewe, tunaloliamini kuliko mashine, huzipokea rangi zote za mchana kwa aina tatu za chembe, kisha huachia akili kazi ya kuzikamilisha. Kwa hiyo kupunguza si dhambi. Asiyetaka kupunguza chochote hawezi kuona, hawezi kusema, wala hawezi kukumbuka.

Ikiwa hivyo ndivyo, hatia huingia wapi? Naona kuwa huingia kwa milango minne, na kila mlango waweza kuuona wazi katika kazi ya picha.

Mlango wa kwanza ni kupunguza kile kile kinachotafutwa. Jiwe la sabuni lina rangi nyingi: liko jeupe, liko la rangi ya maziwa, liko la waridi, liko la kijivu, na liko lenye mishipa ya rangi mbili. Muuzaji akimpelekea mnunuzi wa mbali picha ya biti chache ili aone umbo la sanamu, hapana lawama. Umbo limefika salama. Lakini ikiwa mnunuzi anachagua jiwe kwa ajili ya rangi yake ya waridi, na picha imeigeuza waridi kuwa hudhurungi, hapo kilichopotea ndicho kilichokuwa kikiuzwa. Picha ni ile ile na hesabu ni ile ile. Haja ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, “Kimepotea kiasi gani?” Lazima uulize, “Kilichopotea kilikuwa kinahitajiwa na nani?”

Mlango wa pili ni mpaka unaowekwa bila kufikiriwa. Ili kuigeuza picha ya ngazi 256 za mwanga kuwa ya rangi mbili, njia nyepesi ni kuweka mpaka katikati, katika 128. Kila nukta iliyo chini ya hapo huwa nyeusi, na kila iliyo juu huwa nyeupe. Sheria hii ni fupi na haipendelei mtu kwa maneno. Lakini tazama matendo yake. Uso wa mtu mweusi katika picha ya kitambulisho waweza kuwa na ngazi kati ya 40 na 110. Ndani ya ngazi hizo ndimo mlimo na macho, na pua, na mikunjo ya tabasamu. Mpaka wa 128 huzimeza zote. Katika fotokopi ya namna hiyo shati hubaki na kola yake, ukuta wa nyuma hubaki safi, na mtu mwenyewe huwa kivuli kisicho na jina. Mashine haikumchukia. Imetii tu mpaka uliowekwa na mtu ambaye, alipouweka, hakuwa na uso huo mbele ya macho yake.

Wahandisi wenye busara walijua zamani kwamba giza linastahili kugawanywa kwa makini. Taa ya koroboi ikiwashwa ndani ya nyumba usiku, utaiona mara moja. Ikiwashwa uani saa sita mchana, hutaiona. Jicho husikia mabadiliko madogo penye mwanga mdogo. Kwa sababu hiyo mipango mizuri ya picha hulipa giza ngazi nyingi kuliko ambazo lingepata kwa mgawanyo wa mkato. Haki katika jambo hili haikuwa kumpa kila mmoja sawa. Ilikuwa kumpa kila mmoja kwa kadiri ya jinsi anavyoonekana.

Habari hii ina ndugu zake. Katika karne ya 20, maduka ya kusafisha picha za rangi yalipima rangi zao kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi sura iliyokuwa katika kadi hizo ilikuwa ya mwanamke mweupe. Uso wake ukawa kipimo, na nyuso za wengine zikawa kasoro. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walitangaza uchunguzi wao wa programu tatu za biashara zilizokuwa zikikisia kwa kutazama uso kama mtu ni mume au mke. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi zaidi makosa yalifika hadi asilimia 34.7; kwa wanaume wenye ngozi nyeupe zaidi hayakuzidi asilimia 0.8. Jambo hilo si la kina cha rangi, lakini limetoka katika tumbo moja nalo: kipimo kilichowekwa kwa kuwatazama wachache, kisha kikatumiwa kwa wote.

Mlango wa tatu ni kuwasahau wachache kwa sababu ya wingi wa wengine. Mtindo wa kuhifadhi picha uitwao GIF, ulioletwa mwaka 1987, hauruhusu zaidi ya rangi 256 katika fremu moja. Lazima basi zichaguliwe 256 kutoka katika mamilioni. Mwaka 1982 Paul Heckbert aliandika juu ya njia za kuchagua. Mojawapo ni kuhesabu tu: rangi zenye nukta nyingi zaidi ndizo zichukuliwe. Sasa chukua picha ya shamba la chai la Nyamira, na katikati yake, mbali kidogo, mchumaji mmoja aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani. Shamba lina nukta laki kadhaa za kijani. Kitambaa kina nukta mia mbili. Kura zikihesabiwa, kijani hujaza viti vyote, na kitambaa chekundu hulazimishwa kuvaa rangi iliyo karibu nacho, yaani kahawia ya udongo. Shamba limetoka zuri ajabu, na mtu ametoweka ndani yake. Njia nyingine, ambayo Heckbert aliieleza vilevile, huugawa uwanja wa rangi mafungu kwa kukata penye upana mkubwa zaidi, ili hata rangi iliyo peke yake mbali ifikiriwe. Wingi ni jambo la kuheshimiwa. Lakini wingi peke yake haujui kwamba jicho la mtazamaji lilikuwa linamtafuta mchumaji.

Mlango wa nne ndio ninaouona mkubwa kuliko yote, nao ni kulitupa baki. Tuseme nukta moja ina mwanga wa 100, na imelazimishwa kuwa nyeusi, yaani 0. Limebaki deni la 100. Njia ya mpaka hulifuta deni hilo na kuendelea na safari. Mwaka 1976 Robert Floyd na Louis Steinberg walitangaza njia nyingine. Wao waliligawa deni hilo mafungu 16: mafungu 7 hupewa nukta ya kulia, 3 nukta ya chini kushoto, 5 nukta iliyo chini moja kwa moja, na 1 nukta ya chini kulia. Jirani wa kulia, ambaye naye alikuwa 100, hupokea karibu 44, huwa 144, huvuka mpaka na kuwa mweupe. Naye ametozwa zaidi ya haki yake, basi deni lake huenda kwa wengine kwa upande wa pili. Hivyo picha nzima hujaa nukta nyeusi na nyeupe, lakini ukirudi nyuma hatua chache unaona kijivu, unaona shavu, unaona mkunjo wa jicho. Kwa rangi zile zile mbili, mtu aliyekuwa kivuli amerudi kuwa mtu. Nukta hazikuongezwa wala rangi hazikuongezwa. Kilichoongezwa ni kanuni moja tu, kwamba kosa likumbukwe na libebwe mbele.

Na liko jambo moja linaloifunga milango yote minne. Picha ya biti 24 ikishageuzwa kuwa ya biti 1, na ile ya kwanza ikafutwa, hakuna mashine itakayorudisha yaliyopotea. Unaweza kuiambia kompyuta iiandike upya picha hiyo kwa biti 24; nayo itatii, lakini itakupa weusi na weupe ule ule katika chombo kikubwa zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupunguza nakala, na asili huiweka.

Sasa, msomaji, tuondoke katika picha. Mtu hukutana na kupunguzwa huku kabla hajajua kusoma. Wewe mwenyewe, kama ni mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya, unajua mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989. Umekuwa ukichukua miaka minne ya kijana, pamoja na usiku wake wa kusoma, ugonjwa wake, akili yake na bahati yake, na kuigeuza kuwa daraja moja kati ya 12, kutoka A hadi E. Daraja hizo si uongo. Chuo hakiwezi kusoma maisha ya maelfu ya watu. Lakini mzazi anayeipokea herufi hiyo na kumwita mwanawe kwa jina lake, ameigeuza nakala kuwa asili. Au utazame mji wa Keroka, uliolala mpakani mwa Kaunti za Kisii na Nyamira. Ramani huipaka kila nukta rangi ya upande mmoja, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 mji huo umeletewa mabishano ya mpaka. Lakini watu wa Keroka hununua ndizi pande zote mbili za mstari, huoana pande zote mbili, na huzikana pande zote mbili.

Hayo ni mepesi. Liko zito. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika vijiji vya Kisii, watu wasiopungua 11 waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikuwa wanawake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma ile ile. Wala usidhani kuwa hii ni aibu ya Abagusii peke yao. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa, na wengine wameishi kwa hofu, kwa sababu ya mvi zao. Na Usukuma, katika Tanzania, nako vikongwe wameuawa kwa madai ya namna hiyo.

Fikiri jambo lililotendeka hapo kabla moto haujawashwa. Bibi wa miaka themanini ni picha yenye kina kirefu. Amelima wimbi, amezaa, amezika, ametukana na ametukanwa, amekopa chumvi na amekopesha unga, amewakanda wazazi wa watoto wanaomtazama sasa. Labda ana mpaka anaougombania na shemeji yake. Labda ana maneno makali. Picha hiyo yote ililetwa mbele ya kundi, na kundi likaipa biti moja: mchawi, au si mchawi. Nani aliuweka mpaka? Mtoto aliyeugua, ng'ombe aliyekufa, jina lililonong'onwa gizani. Wachache waliosema, “Mimi ninamjua tangu utoto wangu,” walihesabiwa kama zile nukta mia mbili za kitambaa chekundu. Baki lote la maisha yake, yale yasiyofanana na neno mchawi, halikubebwa na yeyote. Na asili ilichomwa, hata pasibaki kitu ambacho kesho mtu mwenye toba angeweza kukirudia na kukitazama tena.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Ukatili wa namna hii huanza kama ufupi. Watu wengi waliosimama katika makundi hayo nyumbani ni wazazi wema na majirani wema. Walichokosa saa ile ni kina.

Utanijibu, na una haki ya kujibu, kwamba dunia haiwezi kuendeshwa kwa rangi milioni kumi na sita. Mwizi ameiba au hakuiba. Mshtakiwa amepatikana na hatia au hakupatikana. Daktari hupasua au hapasui. Matendo yote mwishoni ni biti moja. Jibu hilo ni kweli, nami silikatai. Lakini mtazame hakimu, ambaye kazi yake ni kutoa biti moja. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamlazimu amhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, ampe nafasi ya kujitetea, na akimtia hatiani amwachie haki ya kukata rufani. Hakimu huandika sababu za hukumu yake, na jalada huhifadhiwa. Hukumu yake ni fupi kama ya kundi la kijiji, lakini amefanya mambo ambayo kundi halikuyafanya: ameuweka mpaka hadharani, amewasikiliza wachache, amelibeba baki katika maandishi, na ameihifadhi asili. Tofauti ya hakimu na kundi haiko katika idadi ya rangi za neno la mwisho. Iko katika njia iliyofikisha kwenye neno hilo, na katika mlango ulioachwa wazi wa kurudi nyuma.

Nami nitajitolea pingamizi moja mwenyewe, maana mfano ukipendwa kupita kiasi hupotosha. Katika njia ya Floyd na Steinberg, nukta moja moja huonewa ili picha nzima iwe ya haki. Nukta ya 100 hufanywa 0, na jirani yake hufanywa 255; hakuna hata mmoja aliyeonyeshwa alivyo, ila jumla yao ni sawa. Nukta haiumwi, kwa hiyo hakuna ubaya. Lakini watu si nukta. Asitokee mtu akasema, “Tulimwonea huyu, tukampendelea yule, na kijiji kwa wastani kimepata haki.” Kwa wanadamu kila nukta ni picha nzima peke yake, na haki ya jumla haijengwi kwa dhuluma ya mmoja. Tunalochukua kwa mafundi hao ni moja tu: kwamba kosa lisifutwe kwa kunyamaza. Njia ya kulilipa kwa watu ni nyingine. Ni kumrudia yule yule aliyekosewa, pale pale alipo, kama bado yupo.

Wala usichukue maneno haya kuwa udhuru wa kutokuamua. Wako watu ambao, wakiulizwa kama jirani auawe au asiuawe, husema mambo yana pande nyingi, kisha hujifungia ndani. Huo si upana wa fikira, ni woga uliovaa kanzu ya upana. Mtu mwenye kina cha kweli ndiye hujua kwamba baadhi ya maswali yana jibu moja, na kwamba bibi asichomwe ni moja ya majibu hayo. Tena kupunguza kwaweza kuwa wema. Nyanya yako akiwa kijijini, mtandao wake ukiwa dhaifu na simu yake ndogo, picha ndogo ya mjukuu inayofika leo ni bora kuliko picha kamili isiyofika kamwe. Mpelekee ndogo, nawe iweke kubwa, ili atakapokuja mjini aitazame.

Basi yako mambo machache ambayo ningependa uyachukue kutoka katika kurasa hizi. Unapopunguza, jua unampunguzia nani na kwa haja gani. Mpaka unaouweka, uweke ukiwa umewatazama wote watakaopimwa kwa huo. Wachache waulizwe habari zao kabla hawajavikwa rangi ya wengi. Kilichobaki nje ya neno lako ukikumbuke na ukibebe. Na kadiri hukumu ilivyo nzito, ndivyo rangi zinazotangulia hukumu hiyo zinavyopasa kuwa nyingi. Kuchagua ndizi sokoni kwahitaji rangi chache, na kumchagua rafiki kwahitaji nyingi. Kumhukumu mtu asiyeweza kukujibu, kwa kuwa ni mzee, au maskini, au amekufa, kwahitaji zote ulizo nazo, na hata hizo huenda zisitoshe.

Siku moja mtu atakuja kwako na neno moja juu ya mtu mwingine: fulani ni mwizi, fulani ni mchawi, fulani ni mjinga, wale wa ng'ambo ile ya mto ni wabaya. Usimtukane, kwa maana naye amepokea picha iliyokwisha kupunguzwa, na yaelekea hajui. Mwombe asili. Mwulize ni nani aliyeiona kwanza, iliwekewa mpaka na nani, na kitu gani kiliachwa nje. Akiwa nayo, itazameni pamoja. Akiwa hana, semeni wote wawili kwamba hamjui, na msiokote kuni.